Hukumu ya Shangazi Juu ya Wiski ya Duka

Tarehe 3 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Baba naye anakusalimu, na anasema yeye ndiye kaka mkubwa lakini shikamoo yako hajaiona tangu mwaka uanze. Goti lake limepona kiasi cha kupanda ngazi, ila bado halijapona kiasi cha kuosha vyombo. Mama anasema goti hilo lina akili kuliko mwenye nalo.

Sasa shida iliyonishikisha kalamu. Unajua duka letu lina mchele wenye jina la duka, sabuni yenye jina la duka, hadi vijiti vya meno vyenye jina la duka. Wakurugenzi wameamua sasa tuwe na wiski. Ni wiski ya Uskoti kweli, si ya kubahatisha. Inachanganywa hukohuko kutoka mapipa ya namna nyingi, halafu sisi tunaibandika jina letu na kuiuza kwa bei ya mtu wa kawaida. Kila chupa itavishwa kadi shingoni yenye maelezo, na kazi ya kuandika hiyo kadi nimetupiwa mimi.

Mkuu wangu wa manunuzi, yule tunayemwita Bwana Bora, ameshaniandikia maneno anayoyataka: “Bora kuliko zote.” Nikamuuliza kama ameionja. Akasema yeye hagusi pombe. Mimi nimeionja, nikakohoa mpaka mhazili akaniletea maji. Huu ulimi wangu ni wa soda.

Wakurugenzi wanakutana mwisho wa Machi. Nimewaambia namfahamu mtu aliyeonja chai kwenye ghala la mnada kwa miaka thelathini na mitatu, mtu ambaye akishika kikombe anajua hata mvua ilinyesha lini. Sikuwaambia kuwa ni shangazi yangu. Nimesema “mtaalamu wa nje.” Tafadhali usiniangushe.

Nakutumia chupa tatu zilizofungwa karatasi. Moja ina utepe mwekundu, moja wa buluu, moja mweupe. Mojawapo ni ya duka, na mojawapo ni ghali ya kutia wazimu. Ipi ni ipi sikuambii ng'o.

Na simu utanunua lini?

Chiriku wako


Tarehe 21 Februari

Chiriku,

Marahaba. Mpe kaka yangu shikamoo yake, hiyo hapo, asije akaugua zaidi. Mimi mzima, paa halivuji, kikohozi cha Januari kimekwenda zake. Simu sitaki. Ukishaweka kitu mdomoni tu, inalia.

Mzigo wako umechelewa kwa sababu dereva wa vifurushi aliuacha nyumba ya pili, kwa jirani aliyehamia Desemba. Ni fundi saa. Aliuleta mwenyewe, ameukumbatia kama mtoto aliyelala, akasema, “Mama, humu ndani kuna kitu kinanong'ona.” Nikamwambia hakinong'oni, kinagongana. Basi, ni hayo tu.

Nimeonja kama nilivyofundishwa. Vikombe vyeupe vya kuonjea bado ninavyo, na kijiko, na ndoo ya kutemea. Nikaweka meza dirishani, pasipo na jua kali. Kwanza macho, halafu pua, halafu ulimi, halafu unatema. Kuonja si kunywa. Miaka thelathini na mitatu sikuwahi kumeza.

Ya utepe mweupe inanukia duka la samani: mbao, ngozi, vanishi. Ni kubwa na inajijua kuwa ni kubwa. Hiyo ndiyo ghali, usinizuge.

Ya buluu ilitupiga puani kama spiriti ya kusafishia vidonda. Tukaiweka pembeni.

Ya nyekundu rangi yake imesaidiwa na sukari iliyounguzwa, hakuna kinachozaliwa na rangi ile. Puani ina tufaha lililoiva kupita kiasi, ganda la mkate, na moshi wa mbali, kama mtu kawasha jiko nyumba ya nne. Ulimini inaanza tamu, inafuata pilipili manga kidogo, kisha inaondoka mapema bila kuaga. Tulitia kijiko kimoja cha maji, tukaiacha dakika tano, ikafunguka: asali, na kitu kama peasi. Tulijaribu barafu, ikanuna. Tulikubaliana kwamba hiyo ndiyo ya duka, na kwamba haina makuu.

Kula vizuri.

Shangazi yako


Tarehe 4 Machi

Shangazi,

Shikamoo! Nyekundu ndiyo yenyewe! Nimeruka ofisini mpaka kiti kikaenda kugonga kabati. Hapa nyumbani wote wazima, goti bado linaogopa sinki.

Lakini Shangazi, barua yako nimeisoma mara mbili. Juu umeandika “nimeonja.” Kufika chupa ya buluu, “ilitupiga puani.” Halafu “tukaiweka,” “tulitia,” “tulijaribu,” “tulikubaliana.” Wewe na nani? Mama kasoma begani kwangu, akasema “ehe,” akaenda jikoni anaimba. Baba hajaambiwa kitu.

Bwana Bora hataki kusikia habari ya “haina makuu.” Kaniambia nikipeleka maneno hayo kwa wakurugenzi, kuanzia Aprili nitarudi ghalani kuhesabu maboksi ya sabuni. Ndiyo sababu nataka hukumu kamili, ya wiski hii moja tu, kwa maneno yako mwenyewe. Nitaisoma mbele yao na kitakachokuwa na kiwe. Nimekutumia chupa nzima ya hiyo nyekundu ufanye kazi bila kubana.

Na unijibu lile swali.

Chiriku


Tarehe 17 Machi, Jumamosi alasiri

Chiriku mwanangu, chiriku wa machiriku,

Marahaba, marahaba, na nyingine ya akiba. Sisi wazima sana. Hiyo “sisi” ni ya kikazi. Pale ghalani tuliandika hivyo hata mtu akiwa peke yake chumbani, kwa hiyo tusirudie suala hilo.

Leo ndoo ya kutemea imeonekana ina tundu. Imebidi mambo yapite njia nyingine.

Andika hivi: Hii si wiski ya kumwonyesha mkweo. Ni wiski ya kukaa nayo. Ipe kijiko cha maji na dakika tano, usiikimbize. Haitakuhutubia. Itakuambia tufaha, itakuambia asali, halafu itanyamaza. Mtu akikuambia ni bora kuliko zote, huyo anakuuzia. Mtu akikuambia ni mbaya, huyo hajakaa nayo. Inatosha, na inatosha vizuri. Vya ghali nilivyoonja maishani, vingi havikutosha. Na mikono yake, mwanangu, haitetemeki hata ikishika skrubu ndogo kuliko punje ya mtama.

Hiyo ya mwisho usiandike. Nilikuwa natazama kibarazani. Amefungua saa yangu ya mkononi, iliyokufa mwaka wa kwanza nilipostaafu, kaitandaza juu ya leso kama anapanga meza ya wageni wadogo sana. Nikamuuliza, “Unaona nini humo?” Akasema, “Vumbi, na uvumilivu.” Anaongea nusu ya ninavyoongea mimi na anasikia mara mbili. Nimecheka leo mpaka kikombe kimoja kimevunjika, na vile vikombe havitengenezwi tena, na sikujali! Mimi!

Mistari inaanza kupanda mlima. Naweka kalamu chini kabla yenyewe haijaniweka mimi.

Shangazi


Tarehe 6 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya, kazi zilinifunika. Baba mzima, goti zima, udhuru umehamia mgongoni. Mama anakusalimu sana, tena kwa sauti ya kuchekacheka ambayo sitaieleza.

Tumeshinda! Mwenyekiti wa wakurugenzi alisoma hukumu yako mwenyewe, kwa sauti, amesimama. Alipofika “huyo anakuuzia” alicheka mpaka akavua miwani. Bwana Bora alikuwa akikagua viatu vyake. Ikapitishwa bila kupunguzwa hata nukta, na mimi sirudi ghalani. Kadi zimekwenda kiwandani.

Mhazili ndiye aliyeipiga chapa barua yako. Ni mtu makini. Alipiga kila kitu. Vizuri sana.

Jambo dogo: usinunue chupa, nitakuletea mwenyewe. Na lile tawi letu la mjini kwenu usiende mpaka kama Julai hivi. Wanapaka rangi na harufu yake si nzuri kwa pua kama yako.

Jirani hajambo?

Chiriku


Tarehe 9 Juni

Chiriku,

Salamu zitakuja mwisho, zikibaki.

Hakuna rangi inayopakwa. Jumapili tulikwenda kununua balbu ya bafuni, mimi na fundi saa. Mlangoni tu, chupa zimepangwa kwa ngazi mpaka zimenipita kimo, na kila moja ina kadi shingoni. Nikasema moyoni, hayo ni maneno yangu, ngoja nijivune kidogo. Herufi zilikuwa ndogo. Fundi saa ana kile kioo chake cha kukuzia, hutembea nacho mfuko wa shati. Akakibana jichoni, akaanza kunisomea, taratibu, kwa sauti iliyoenea hadi kwenye maziwa.

“Haitakuhutubia,” akasoma. “Kweli kabisa,” akasema. Akaendelea. “Inatosha vizuri.” Akatikisa kichwa kukubali. Halafu akasoma habari ya mikono.

Akasoma tena, kimoyomoyo, naona midomo inacheza. Akatoa kioo jichoni. Akaigeuza mikono yake, akaitazama mbele na nyuma kana kwamba kakabidhiwa sasa hivi.

“Wiski hii,” akasema, “inashika skrubu?”

Nikasema, “Balbu ziko upande ule.”

Mwanamke wa kaunta alikuwa ameziba mdomo kwa daftari. Fundi saa akavua ile kadi shingoni mwa chupa, akaitia mfukoni, akalipia balbu, akaisahau palepale kaunta, akatoka. Tulirudi nyumbani tumeachana hatua kumi kama watu wasiojuana. Hiyo ilikuwa siku sita zilizopita na kibarazani kwangu hajakanyaga. Napita kwake, mlango umefungwa, nasikia anatembeatembea ndani. Bafuni bado giza.

Umri wangu huu, Chiriku! Nimeandikwa shingoni mwa chupa!

Nijibu swali moja: ziko ngapi?

Salamu hazikubaki.


Tarehe 13 Juni

Shangazi yangu wa pekee,

Shikamoo kwa magoti yote mawili.

Elfu nne na mia mbili.

Acha nieleze. Nilimpa mhazili ukurasa ule aupige chapa mpaka “havikutosha.” Yeye akaendelea mpaka ukurasa unapoishia, na ukurasa unaishia kwenye mtama. Ya kibarazani na ya kikombe yalikuwa nyuma ya karatasi, hayo hayakuonekana na mtu, naapa. Mwenyekiti alipofika pale alisimama, akauliza, “Wiski ina mikono?” Na Bwana Bora, ambaye hakuwa amefungua mdomo mkutano mzima, akasema, “Ni lugha ya kitaalamu, Mwenyekiti.” Wote wakatikisa vichwa. Ikapita hivyo.

Shangazi, amekuja? Sili. Mama hali. Baba anakula lakini anauliza kwa nini sisi hatuli. Niambie amekuja.

Chiriku wako, kama bado ni wako


Tarehe 1 Julai

Chiriku,

Marahaba. Mimi mzima, usingizi mzuri, bafuni kunawaka. Kula.

Amekuja. Siku ileile niliyokuandikia, saa kumi alasiri, kavaa koti na jua linawaka. Hakubisha hodi kama kawaida yake, alisimama kwenye ngazi mpaka nikamwona. Mkono mmoja ile kadi, mkono wa pili kile kioo chake. Akanipa vyote viwili, akarudi nyuma hatua moja, akasema, “Nami nimeandika hukumu.”

Nyuma ya kadi, Chiriku, mahali pa ukubwa wa kiganja cha mtoto, kaandika mistari kumi na tisa. Herufi kama miguu ya sisimizi. Nimebana kioo jichoni, nikasoma nimesimama, nikasoma tena nimekaa. Alichoandika sikuambii. Usiulize, na mama yako asiulize.

Nilipomaliza nikasema, “Siku sita kwa mistari kumi na tisa?” Akaona haya. Kumbe alikuwa anakosea. Kila akikosea neno, hataki kufuta, anarudi dukani kununua chupa nyingine apate kadi safi. Ana chupa kumi na moja chini ya meza yake ya kazi, hata moja haijafunguliwa! Mwanamke wa kaunta alifikiri kafiwa, siku ya nne akamshika mkono akamwambia, “Pole sana, baba, yatapita.” Naye kwa adabu akamjibu, “Natumaini hayatapita.”

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye ngazi. Naye akakaa. Tumekaa hapo mpaka jua likatuhamisha.

Kuna kitu anataka kukuandikia mwenyewe. Nimemwachia nafasi. Nimemwambia aandike kwa herufi za binadamu.

_Kwako binti yetu,_

_Hujambo? Mimi ni jirani wa shangazi yako. Nimeishi peke yangu miaka sita tangu mke wangu afariki, na sina kaka wala mjomba wa kumtuma kwa niaba yangu. Nimeambiwa kaka mkubwa wa shangazi yako ndiye baba yako, na kwamba ni mtu mkali kidogo asubuhi. Nakuomba unifikishie maneno kwake, wakati utakaoona unafaa. Maneno yenyewe ni haya: namwomba dada yake. Sina mengi, ninachofanya nakifanya polepole na kinadumu. Kama atakataa, nitaelewa, lakini nitaomba tena._

_Wako kwa heshima,_
_Fundi_

Umeona? Hiyo “nitaomba tena” hakunionyesha kabla. Nimeisoma sasa hivi wakati nafunga bahasha.

Shangazi


Tarehe 14 Julai

Shangazi, na wewe Baba Fundi (najua unasoma begani kwake),

Shikamooni wote wawili!

Nilingoja mpaka Baba amalize chai ya pili. Nikamsomea. Mama alisimama mlangoni na mwiko mkononi, hapumui. Baba akasukuma kikombe pembeni. Akauliza, “Anakunywa huyu?”

“Anaonja, Baba.”

“Anaonja nini?”

“Wiski ya duka letu.”

“Ile yenye mikono?” Kumbe anajua! Kumbe rafiki zake wa bao walimsomea kadi ile mwezi mzima uliopita, wakabishana ni ufundi gani wa kuandika, na yeye akawa ananyamaza kwa sababu mwandiko wa mdogo wake anaujua hata ukipigwa chapa. Akavua saa yake akaiweka mezani. “Mwambie inachelewa dakika kumi kila siku tangu mwaka juzi. Akija kuniona, aje na bisibisi.” Halafu akageukia dirisha na kujifanya anatafuta kitu nje. Mama akapiga vigelegele, mwiko ukaruka, majirani wakaja kuuliza kuna nini.

Kwa hiyo jibu la nyumba hii mmelipata.

Sasa kuna jambo moja, na nalisema leo kwa kuwa leo huwezi kukasirika. Mhazili hakukosea. Alipiga chapa ukurasa wote, ndiyo, lakini aliniletea nikague, kama anavyoniletea kila kitu. Niliiona sentensi ya mikono. Kalamu nyekundu ilikuwa imefunguliwa, iko hapa kwenye vidole vyangu. Tangu mumeo afariki, Shangazi, barua zako ni hali ya hewa, paa, kikohozi, kula vizuri. Miaka tisa. Nilizipenda lakini nilikuwa nikizimaliza najisikia baridi. Hii moja ilikuwa inacheka peke yake mkononi mwangu. Nikaifunga kalamu. Kadi zilipotoka kiwandani niliziona tena, nikanyamaza tena. Sikujua kuwa ataisoma yeye. Nilitaka tu mtu fulani, mahali fulani, ajue kwamba uko hivyo.

Nisamehe, au usinisamehe, lakini njooni.

Chiriku


Tarehe 22 Julai

Chiriku,

Marahaba, kutoka kwangu na kwa anayesoma begani kwangu.

Tunakuja Jumamosi ya tarehe nne Agosti, basi la asubuhi. Bisibisi amezifunga nne, hajui saa ya kaka yangu inataka ipi, na tangu jana anazifungua na kuzifunga upya. Mama yako asipike kwa ajili ya jeshi, tuko wawili tu.

Kuhusu kalamu nyekundu, nimeisoma sehemu ile mara nyingi kuliko nitakavyokiri. Sitaki kuijibu kwa karatasi. Tutaongea ana kwa ana, mimi na wewe, uani, mlango ukiwa umefungwa.

Vaa viatu vya kukimbilia.

Shangazi yako